UZI: Elaine Fantham, mama aliyetumia maisha yake kusoma walumbi wa Roma, na kazi hiyo hasa ni kazi gani

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa kuchagua kozi kuna kijana alisema anatamani kusoma Kilatini na hotuba za Warumi wa kale mpaka shahada ya uzamivu. Majibu aliyopewa yalinikera. Wengi walimwambia aachane na lugha iliyokufa, akasome kitu cha maana. Hakuna hata mmoja aliyemweleza kazi yenyewe ikoje. Mimi nilikutana na Kilatini seminari, sikuendelea nacho kama ajira ila sijaacha kukisoma, na naona ni haki kijana apewe picha kamili kabla ya kukatishwa tamaa. Nitamtumia mtu mmoja tu kama mfano, Elaine Fantham.

Huyu mama alizaliwa Liverpool, Uingereza, Mei 1933. Alisoma Oxford katika Chuo cha Somerville, enzi hizo kikiwa cha wanawake watupu, akachukua ile kozi yao ndefu ya Kigiriki, Kilatini, historia ya kale na falsafa, na mwaka 1954 akamaliza kwa daraja la kwanza.

Ukiishia hapo utadhani mlango ulikuwa wazi. Uzamivu wake aliupata Liverpool mwaka 1965, miaka kumi na moja baadaye, na wala haukuhusu hotuba. Ulihusu Plautus, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha. Katika miaka hiyo ya katikati alifundisha shule ya wasichana huko St Andrews, Uskoti. Mwaka 1966 akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Indiana, na 1968 akahamia Toronto, Kanada, alikokaa miaka 18. Princeton walipomwita kushika kiti cha uprofesa wa Kilatini mwaka 1986 alikuwa ameshatimiza miaka 53.

Sasa angalieni hili. Kitabu chake kikubwa juu ya ulumbi, yaani ufundi wa kuhutubia, kile kinachoichambua *De Oratore* ya Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, na dunia iliyoizaa, kilitoka 2004. Alikuwa na miaka 71 na ameshastaafu. Mwaka huohuo ndiye aliyekuwa rais wa chama cha wanataaluma wa Kigiriki na Kilatini cha Marekani. Ufafanuzi wake wa *Pro Murena*, hotuba ya Cicero ya mahakamani, ulitoka 2013 akiwa na miaka 80. Akafariki Toronto, Julai 2016.

Katikati ya safari hiyo kuna kazi juu ya waandishi wa Kirumi Seneca, Lucan na Ovid, kitabu juu ya Julia binti wa Kaisari Augusto, na kingine alichoandika na wenzake juu ya wanawake wa ulimwengu wa kale. Wamarekani wengi wasiojua neno moja la Kilatini walimfahamu kwa sauti, maana alikuwa akialikwa kwenye redio ya taifa, NPR, kueleza mambo ya Warumi kwa lugha ya kawaida.

Narudi na sehemu ya pili, maana hapo ndipo penye nyama.

#2 Mleta mada (inaendelea)

*De Oratore* ni nini? Cicero aliiandika mwaka 55 KK. Ni mazungumzo, na ameyaweka nyuma kabisa, Septemba ya mwaka 91 KK, wakati yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Mahali ni Tusculum, vilimani karibu na Roma, nyumbani kwa Lucius Crassus, mlumbi mkubwa wa kizazi kile. Ni siku za sikukuu ya michezo, wakubwa wamekimbia kelele za mjini. Wanakaa chini ya mti wenye kivuli kipana, Crassus anaagiza matakia yaletwe, mazungumzo yanaanza.

Mabishano yao ni haya: msemaji hodari anatengenezwa na nini? Crassus anashikilia kwamba lazima ajue sheria, historia na falsafa, la sivyo maneno yake ni upepo. Mwenzake Marcus Antonius anamjibu kwamba kipaji, mazoezi na kuwajua watu vinatosha. Wapo na vijana wawili, Cotta na Sulpicius, wanaowabana wazee watoe siri zao zote.

Ukisoma juujuu utaona ni kitabu cha kufundishia kusema. Alichofanya Fantham ni kukuonyesha wale watu walikuwa akina nani na nini kiliwapata. Maana msomaji wa Kirumi wa mwaka 55 alijua kitu ambacho wasemaji wale chini ya mti hawakijui: karibu wote walikuwa njiani kufa.

Siku chache tu baada ya mazungumzo yale, Crassus alirudi mjini kwenye kikao cha Seneti. Konsuli Philippus, mmoja wa wakuu wawili wa serikali wa mwaka ule, alikuwa amelitukana Baraza, na Crassus akasimama kumjibu. Konsuli akatishia kumkamatia mali. Jibu la Crassus, kama Cicero anavyolieleza mwanzoni mwa kitabu cha tatu, lilikuwa kwamba kama unataka kuninyamazisha itabidi uukate ulimi huu, na hata ukiung'oa, uhuru wangu utakupinga kwa pumzi tu. Akiwa bado anasema ubavu ukambana, jasho likamtoka, kisha baridi ikamwingia. Akarudi nyumbani na homa, na siku ya saba akafa.

Cicero anasema baada ya kifo kile walikuwa wakiingia ukumbi wa Seneti kwenda kupaangalia pale pale alipokanyaga mara ya mwisho. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi na bado kinanishika. Mtu mzima wa miaka hamsini, konsuli mstaafu, anakumbuka alivyokuwa kijana akilitafuta jiwe alilosimama juu yake mtu aliyemhusudu.

Antonius naye aliuawa mwaka 87 KK katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kichwa chake kikawekwa kwenye Rostra, jukwaa lilelile la hotuba alikozoea kusimama. Cicero analiandika hilo kwa uchungu mwaka 55. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 7 Desemba 43 KK, yeye mwenyewe akauawa, na kichwa na mkono wake vikapelekwa Rostra. Aliyeagiza ni Marcus Antonius mwingine, yule wa Kleopatra. Huyu alikuwa mjukuu wa Antonius wa kitabu.

Kwa hiyo wakuu, mtu akisema anasoma "ulumbi wa Kirumi", msidhani ni kukariri aina za tashbihi na takriri. Ni kuirudisha hotuba kwenye siku yake: nani amesimama, nani amekaa mbele yake, nini kitampata akishindwa.

#3 Mchangiaji

Mkuu heshima yako, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu: enzi hizo hakukuwa na kinasa sauti. Tunajuaje kwamba Cicero alisema hayo yanayochapishwa leo? Na hizo karatasi zimefikaje huku?

#4 Mleta mada

Swali zuri sana ndugu, na nusu ya taaluma hii imo humo.

La kwanza, hotuba tunazosoma ni zile alizozitoa mwenyewe kwa maandishi baada ya kesi, na si lazima zilingane neno kwa neno na alichosema. *Pro Murena* inatoa ushahidi mtamu. Ukifika katikati, mahali anapopaswa kujibu tuhuma za washitaki wawili wadogo, hukuti majibu. Unakuta vichwa vya habari tu: "Juu ya tuhuma za Postumus", "Juu ya za Servius kijana". Basi, anaendelea na Cato. Plinius Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeishi zaidi ya miaka mia moja baadaye, aliliona hilo naye akasema ni dalili kwamba Cicero alisema mengi mahakamani ambayo aliyakata alipotoa maandishi. Kazi ya mfafanuzi ni kukaa kwenye pengo kama hilo na kupima kilichokuwemo.

La pili, safari ya maandishi. Hakuna hata herufi moja ya mkono wa Cicero iliyobaki. Tulichonacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono na watawa kwa karne nyingi. *Pro Murena* ilikuwa imepotea machoni pa wasomi mpaka mwaka 1415, Poggio Bracciolini, karani wa Papa, alipoikuta kwenye abasia ya Cluny, Ufaransa, pamoja na *Pro Roscio Amerino*. Kitabu chenyewe alichokikuta kikaja kupotea tena! Tunakijua kupitia wale waliokinakili. Mwaka 1416 huyohuyo Poggio akapata kitabu kamili cha Quintilianus, mwalimu wa ulumbi, huko St Gallen, Uswisi. Na *De Oratore* nzima ilipatikana 1421 mjini Lodi, Italia, na askofu Gerardo Landriani. Kabla ya hapo watu walikuwa wakisoma nakala zenye matobo. Nayo kodeksi ya Lodi, yaani kile kitabu cha mkono, miaka michache baadaye haikuonekana tena.

Ndiyo maana mwanafunzi wa fani hii anajifunza kulinganisha nakala. Nakala hii ina neno hili, ile ina neno lile, zote mbili zimetoka kwa mama mmoja aliyepotea, yupi kakosea na kwa nini? Wakati mwingine msaada unatoka kwenye mdundo. Cicero alikuwa na namna zake za kumalizia sentensi, mpangilio wa silabi ndefu na fupi anaoupenda, hata mwanahistoria Tacitus anamtaja mtu anayelalamikia ule mwisho wake wa *esse videatur* unaojirudia mno. Ukikuta mwisho wa sentensi unaochechemea, unaanza kushuku mnakili.

Mtu anaweza kukaa wiki nzima na mstari mmoja hivyo. Kwa anayependa, hiyo wiki haipotei.

#5 Mchangiaji

Mimi ni wakili, na hii *Pro Murena* nimeisikia tu. Kwa faida ya wasiojua, mleta mada eleza kesi yenyewe ilihusu nini. Nadhani ilikuwa ya uchaguzi?

#6 Mleta mada

Wakili, ni ya uchaguzi kabisa, na itakugusa.

Ni Novemba 63 KK. Lucius Murena amechaguliwa kuwa konsuli wa mwaka unaofuata. Aliyeshindwa, Servius Sulpicius (si yule Sulpicius wa *De Oratore*), ambaye ni mwanasheria bingwa wa Roma nzima, anamfungulia kesi ya kuhonga wapigakura. Upande wake yupo Cato, mtu asiyeyumba. Mtetezi wa Murena ni Cicero, ambaye ndiye konsuli aliyepo madarakani, na sheria inayotumika kumshitaki mteja wake aliipitisha yeye mwenyewe mwaka huohuo! Sheria ya Tullius iliongeza adhabu ya uhamisho wa miaka kumi kwa mhongaji. Juu ya hayo, Servius ni rafiki yake, na kwenye kampeni Cicero alikuwa akimuunga mkono.

Angalia anavyojitoa. Hathubutu kusema Servius ni mtu mbaya. Anaichukua taaluma yake, zile fomula za wanasheria, anazichezea mbele ya mahakama mpaka anasema ukimuudhi, pamoja na shughuli zake zote, kwa siku tatu tu naye atakuwa mwanasheria. Kwa Cato anashika falsafa yake ya Kistoa, kwamba makosa yote ni sawa, kwa hiyo aliyemchinja jogoo bila sababu na aliyemnyonga baba yake ni kitu kimoja. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu walicheka, na Cato mwenyewe akatabasamu akasema wana konsuli mchekeshaji.

Ila kicheko ni cha kufungulia njia tu. Tuhuma zilikuwa kwamba Murena alilakiwa na umati, alifuatwa na makundi, watu walipewa viti kwenye michezo na kulishwa. Cicero anajibu kwamba huo ni ukarimu wa kawaida na kumfuata mgombea ndio njia pekee ya mtu mdogo kupata au kulipa fadhila ya mkubwa. Hata bikira wa Vesta, yaani kuhani wa kike wa mungu Vesta, aliyekuwa ndugu wa Murena alimwachia kiti chake kwenye maonyesho ya mapambano, ni hongo hiyo? Hapa Mtanzania yeyote aliyefuatilia sheria ya takrima mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006 ataona mjadala uleule.

Na mwisho anaweka silaha yake nzito. Catilina, mwanasiasa aliyeasi, yuko nje na jeshi huko Etruria. Tarehe 1 Januari Roma inahitaji makonsuli wawili. Mkimwondoa Murena leo, mnamfanyia kazi Catilina. Murena akaachiwa.

Swali ambalo wafafanuzi wanabaki nalo ni kama Murena alihonga kweli. Cicero hakuthibitisha popote kwamba hakuhonga. Aliihamisha mahakama kutoka kwenye swali hilo kwenda kwenye lingine. Ukiisoma pamoja na ufafanuzi wa Fantham unaona kila hatua ya uhamisho huo ilipopita, kwa sababu anakueleza sheria, desturi na watu, si sarufi peke yake.

Nyongeza ndogo: urafiki haukufa. Mwaka 43 KK Servius alifia njiani kwenye ujumbe wa Seneti kwenda kwa Antonius yule wa Kleopatra, na Cicero ndiye aliyesimama kuomba asimamishiwe sanamu. Hotuba hiyo ipo, ni ya tisa kati ya zile za kumpinga Antonius ziitwazo Filipiki.

#7 Mchangiaji

Salamu toka Lubumbashi. Huku kwetu Kongo sekondari kuna tawi la latin-philo, mimi nilipita humo. Tulisoma Cicero na Kaisari, tafsiri kila juma. Wengi wetu walienda sheria, wengine upadri. Ninachotaka kuongeza: watu wanasema Kilatini ni ya Wazungu. Lakini Apuleius, mwandishi na msemaji wa Kilatini, alizaliwa Madauros, leo ni Algeria. Fronto, mwalimu wa Kaisari Marko Aurelio, alitoka Cirta, mji unaoitwa sasa Constantine. Augustino vilevile ni mtoto wa Thagaste, na kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa ulumbi Carthago, Roma na Milano.

#8 Mleta mada

Asante sana kaka wa Lubumbashi, umenitangulia. Na huyo Apuleius ana kesi yake. Mwaka 158 au 159 BK, Sabratha, Libya ya leo, alishitakiwa kwa uchawi, kwamba alimroga mjane tajiri Pudentilla akubali kuolewa naye. Akajitetea mwenyewe mbele ya liwali, na hotuba yake ndiyo hotuba pekee ya mahakamani ya Kilatini tuliyonayo kutoka enzi ya makaisari. Fantham alipoandika historia yake ya maisha ya fasihi ya Kirumi, alianza na Cicero akaishia na Apuleius. Kwa hiyo Afrika imo kwenye mzunguko wa fani hii tangu mwanzo.

Augustino naye inafaa vijana wamjue kama mwalimu. Aliondoka Carthago kwa sababu wanafunzi walikuwa wakivamia madarasa na kufanya fujo. Akafika Roma, akakuta huko wana adabu lakini wanahamia kwa mwalimu mwingine siku ya kulipa ada inapokaribia. Mwaka 384 akapata kiti cha Milano, cha kulipwa na serikali, na Waitalia wakawa wanamkosoa matamshi. Anayedhani matatizo ya uhadhiri ni ya leo amsome.

#9 Mchangiaji

Mimi ndiye yule kijana wa uzi ule. Asanteni. Naomba ukweli wa ajira, bila kunipamba. Na nianzie wapi?

#10 Mleta mada

Mdogo wangu, ukweli ni huu. Nafasi za kudumu za uhadhiri katika fani hii ni chache duniani kote, na wanaomaliza uzamivu ni wengi kuliko nafasi. Marekani uzamivu mara nyingi unachukua miaka mitano hadi saba. Vyuo vikubwa hukusamehe ada na kukupa posho, nawe unafundisha. Mbali na Kilatini utadaiwa Kigiriki, na kusoma Kijerumani pamoja na Kifaransa au Kiitaliano, kwa sababu ufafanuzi mwingi wa maana uko katika lugha hizo. Bila Kijerumani utakwama mapema.

Usidhani pia lazima uende Ulaya. Ibadan, Nigeria, wana idara hii tangu chuo kilipoanzishwa 1948. Legon, Ghana, wanaifundisha pamoja na falsafa. Stellenbosch na Cape Town wapo. Hata jirani zetu Malawi wameifundisha Zomba, na Kamuzu Academy iliyofunguliwa 1981 ilikuwa ikimlazimisha kila mwanafunzi kusoma Kilatini na Kigiriki. Waandikie, uliza masharti na ufadhili kabla hujaamua.

Halafu usiione miaka ya kufundisha sekondari kama kushindwa. Fantham alipita huko, na mtu aliyewahi kumweleza msichana wa miaka kumi na minne kwa nini kitenzi kimekaa mwisho wa sentensi, baadaye anaandika ufafanuzi unaosomeka. Mimi naamini hilo linaonekana katika kila ukurasa wake.

Pa kuanzia: usianze na *De Oratore*, ni ndefu na nzito. Kama sarufi yako ni ya mwaka mmoja au miwili, chukua *Pro Archia*. Ni fupi, ya mwaka 62 KK, Cicero anamtetea mshairi Mgiriki kutoka Antiokia anayedaiwa si raia, na nusu ya hotuba ni utetezi wa fasihi yenyewe. Petrarca, mshairi wa Italia, aliikuta Liège mwaka 1333. Maandishi ya Kilatini ya hotuba hiyo pamoja na kamusi yapo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus.

Sentensi ya kwanza ni ndefu kweli na itakutoa jasho. Ina "kama" tatu zilizopangwa mwanzoni, na kitenzi kinachobeba mzigo wote, *debet*, kimewekwa mwisho kabisa. Kitafute hicho kwanza, kisha rudi nyuma uone nani anadaiwa na nani anadai. Jaribu tafsiri yako ya Kiswahili, iweke hapa hata kama ina makosa, nami na kaka wa Lubumbashi tutaipitia nawe neno kwa neno.